Breka za gesi ya SF6 zisiendelee kuletwa Pwani

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu wa Lamu, Malindi na Tana River kuhusu jambo ambalo sijalisikia likitajwa barazani wala katika vikao vya kaunti, ilhali litaamuliwa kwa niaba yetu katika zabuni za umeme za miaka hii michache ijayo. Ni gesi inayofungiwa ndani ya mitambo ya stima.

Mimi ni fundi mstaafu. Kazi yangu ilikuwa katika vituo vya umeme vya Pwani, upande wa breka (vikata umeme) na swichi za msongo mkubwa, yaani volteji ya juu, na sasa niko nyumbani Langoni. Kijana mmoja wa mtaani, anayesomea umeme Mombasa, aliniuliza alipokuja likizo kwa nini mwalimu wao amewaambia gesi ya breka inaondoka duniani. Nilimjibu kwa kirefu, kisha nikaona afadhali niandike na wengine wasome.

Gesi yenyewe mafundi tunaiita kwa herufi zake, SF6. Jina lake kamili ni salfa heksafluoridi. Haina rangi, haina harufu, haishiki moto, na ni nzito kuliko hewa kiasi cha mara tano. Waliotangulia kuitengeneza ni Wafaransa wawili, Henri Moissan na Paul Lebeau, mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye viwanda vya umeme viliikumbatia kwa sababu inaua cheche. Breka ya msongo mkubwa inapofunguka, umeme haukatiki papo hapo. Shaba mbili zikiachana, umeme huruka pengo kwa cheche nene yenye joto la maelfu ya nyuzi, inayoweza kuyeyusha chuma. Molekuli za SF6 hunasa elektroni zinazokimbia ndani ya cheche ile kama jarife linavyonasa papa, na cheche ikafa. Na hata pasipo cheche, uwezo wake wa kuzuia umeme usiruke kutoka kwenye shaba hadi kwenye ukuta wa sanduku ni mara mbili na nusu hadi mara tatu ya ule wa hewa ya kawaida yenye mgandamizo ule ule. Ndiyo maana sanduku lake linaweza kuwa dogo.

Sisi wa Pwani tulikuwa na sababu yetu zaidi ya kuipenda. Ivume kaskazi au kusi, upepo wetu hubeba chumvi. Chumvi hutua juu ya insuleta za kauri zilizo nje, na usiku umande ukiilowesha, umeme huanza kutambaa juu yake. Ukisimama chini ya nguzo saa kumi za usiku utausikia ukinguruma kwa sauti ya chini, na pengine utaona miale ya zambarau ikipita juu ya kauri. Tulikuwa tukiziosha insuleta hizo, tukizipaka grisi ya silikoni, na bado stima ikikatika. Sanduku lililofungwa kabisa, kila kiungo kikiwa hakiguswi na hewa ya bahari, lilitupunguzia kazi hiyo mno. Nayasema haya kwa sababu anayetaka SF6 iondoke lazima ajue ilikuja kutatua nini. Mbadala usiovumilia chumvi ya Lamu hautufai, hata ukisifiwa vipi kwenye karatasi.

Sasa ubaya wake. Gesi hii ikitoka nje haina pa kwenda. Miti haiivuti, mvua haiioshi, na jua haliivunji ila kwa muda mrefu sana. Zamani wanasayansi walikadiria kwamba hukaa angani miaka 3,200; makadirio ya karibuni yameshuka hadi kama miaka 1,000, nao mji wetu mkongwe wa Lamu wenyewe una takriban miaka 700. Kwa hesabu inayotumiwa na sheria ya Ulaya, kilo moja ya SF6 hushika joto, katika kipindi cha miaka 100, sawa na kilo 24,300 za kaboni dayoksaidi. Kwa mwenye boti ya mashine hesabu inakuja hivi: lita ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo kilo moja ya gesi hii ikivuja ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 10,000 za petroli. Swichi ndogo ya mtaani ya kilovolti 11 inaweza kuwa na kilo mbili au tatu ndani. Breka za msongo wa juu huchukua kilo nyingi zaidi, na kituo kizima kilichofungiwa ndani ya gesi huhesabiwa kwa mamia ya kilo.

Haya si mageni kwa wakubwa. Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997 uliitaja SF6 kwa jina miongoni mwa gesi sita za kupunguzwa. Wazungu walikuwa wakiijaza hata katika matairi ya magari, baina ya vioo vya madirisha na katika soli za viatu vya michezo, mpaka Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku mambo hayo kwa sheria ya mwaka 2006. Umeme ukaachwa, kwa hoja kwamba hakuna mbadala.

Hoja hiyo imekwisha. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria mpya, nambari 2024/573, inayoweka tarehe za mwisho kulingana na msongo. Naomba msomaji azipime tarehe hizo kwa nyaya zetu wenyewe. Swichi mpya za hadi kilovolti 24 zenye gesi za namna hii haziruhusiwi kuanza kazi huko kuanzia Januari 1, 2026. Hilo ndilo kundi la kilovolti 11, umeme unaozunguka mitaani kwetu. Kuanzia kilovolti 24 hadi 52, ambako ziko laini zetu za kilovolti 33, mwisho ni Januari 2030. Kuanzia 52 hadi 145, kundi la laini za kilovolti 132, mwisho ni Januari 2028. Zaidi ya hapo ni Januari 2032, na humo ndimo ungeingia msongo wa laini ya kilovolti 220 inayotoka Rabai ikapita Malindi na Garsen hadi Lamu. Kisha kuanzia 2035, hata kuijazia mitambo ya zamani kwa SF6 mpya kutakatazwa, isipokuwa katika hali maalumu. Itatumika iliyosafishwa tu.

Kuna mianya sheria hiyo iliyoacha kwa hali za lazima, lakini jambo linalotuhusu sisi liko wazi. Sheria inakataza mitambo hiyo kuanza kazi ndani ya Ulaya. Haizungumzii Mokowe wala Langobaya huku kwetu. Kiwanda chenye bohari iliyojaa swichi ambazo hakiwezi tena kuziuza kwao kitatafuta soko kwingine na kitashusha bei. Zabuni zetu zimezoea kumpa kazi mwenye bei ya chini. Breka huishi miaka 30 hadi 40. Itakayofungwa mwaka huu kwa sababu ilikuwa rahisi itakuwa bado iko hapa wakati wajukuu zangu wana watoto wao, na wakati huo gesi ya kuijazia itakuwa adimu na ghali. Rahisi yake iko siku ya kununua tu.

Kijana wangu yule aliuliza: basi tutumie nini? Hapa ndipo penye utamu wa kazi.

Mbadala ninaoupenda mimi hauna gesi ngeni hata moja. Ni vakyumu na hewa kavu. Cheche inauliwa ndani ya chupa ya kauri iliyonyonywa hewa yote. Ndani yake shaba mbili huachana kwa milimita chache tu. Pasipo gesi, cheche haina cha kula isipokuwa mvuke unaotoka kwenye shaba zenyewe, na umeme wetu wa hezi 50 hupita sifuri mara 100 kila sekunde. Mara tu unapofika sifuri, mvuke ule hurudi kuganda juu ya chuma na cheche haipati njia ya kuwaka tena. Breka za vakyumu za kilovolti 11 na 33 si ngeni kwa fundi yeyote wa nchi hii. Kilichobaki kilikuwa nafasi iliyoizunguka chupa, na hapo ndipo SF6 ilipokuwa imejificha hata katika mitambo iliyoitwa ya vakyumu. Siku hizi sanduku hilo hujazwa hewa safi, naitrojeni sehemu 80 na oksijeni sehemu 20, iliyokaushwa unyevu wote na kugandamizwa zaidi kidogo. Ikivuja, imevuja hewa. Siemens Energy, kwa mfano, wanaunda mitambo ya aina hii hata ya kilovolti 145. Na sanduku linabaki limefungwa, kwa hiyo chumvi haingii.

Gharama yake ni ukubwa. Hewa ina nguvu ndogo kuliko SF6, hivyo chuma kinakuwa kipana au kinene zaidi. Kwa kilovolti 11 tofauti si ya kutisha, bali kwetu hata kidogo kina uzito. Anayeijua Mkomani, mtaa wa mji mkongwe wa Lamu, anajua vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mji huu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001 na huwezi kubomoa ukuta wa matumbawe ili upitishe kabati la stima. Ndiyo sababu nasema nafasi itafutwe mapema, kiwanja kitengwe, vipimo vya kabati la hewa kavu viingizwe katika ramani kabla mtu hajaja na la gesi akasema ndilo pekee linaloenea.

Kwa msongo wa juu zaidi vakyumu bado ina taabu, kwa sababu kupanua pengo ndani ya chupa hakuongezi nguvu kwa kiasi kile kile. Huko viwanda vingine vimechukua njia ya kemikali. Kuna gesi ya fluoronitraili, C4F7N, inayochanganywa kidogo na kaboni dayoksaidi na oksijeni. Mchanganyiko wake hushika joto kwa sehemu ndogo tu ya SF6, asilimia chache, na unafanya kazi hata kwenye kilovolti 400. Katika kituo cha Sellindge, Kent, Uingereza, uliwekwa mwaka 2017. Mwaka 2023 National Grid ya huko pamoja na Hitachi Energy walitangaza jambo lililonifurahisha zaidi: kuinyonya SF6 kutoka mitambo iliyokwisha kufungwa kituoni Richborough na kuweka mchanganyiko mwingine mahali pake, bila kung'oa chuma. Maana yake huenda si lazima tusubiri mitambo yetu yote ife.

Hata hivyo gesi hizo za fluorini zimo katika jamii ya kemikali zisizooza, zinazoogopwa sasa katika maji na udongo. Kampuni ya 3M, iliyokuwa ikiiuza fluoronitraili hiyo kwa jina la Novec 4710, ilitangaza Desemba 2022 kwamba itaacha kuunda kemikali za jamii hiyo ifikapo mwisho wa 2025. Mimi siwezi kuishauri kaunti ijifunge kwa miaka 40 na gesi ambayo muundaji wake wa kwanza ameshaondoka sokoni. Pale penye kilovolti 220, ikiwa hakuna njia nyingine, sawa. Kwa 11 na 33 hatuna haja nayo.

Kuna nyingine, fluoroketoni yenye kaboni tano, iliyofungwa katika kituo kimoja cha Zurich mwaka 2015. Yenyewe karibu haishiki joto kabisa, kwa kuwa jua huivunja katika wiki mbili hivi. Tatizo lake ni baridi: huchemka kwenye nyuzi 27, chini ya hapo inataka kurudi kuwa maji, kwa hiyo huwekwa kidogo tu ndani ya hewa. Nilipoisoma habari hiyo nilitabasamu, maana baridi inayowasumbua watu wa kaskazini sisi hatunayo. Lakini muundaji alikuwa yule yule, na kinga yetu ya joto haiwezi kutupatia gesi isiyouzwa. Wengine wamejaribu gesi yenye iodini, CF3I, ambayo kwa kuzuia umeme inaipita hata SF6. Cheche ikiivunja huacha iodini juu ya shaba, na kuna wasiwasi juu ya afya ya wanaoishika. Hata CERN, wenye ile mashine kubwa ya kugonganisha chembe mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanatumia SF6 kidogo katika baadhi ya vigunduzi vyao ili mkondo mdogo wa umeme usigeuke cheche, na wao pia wanahangaika kutafuta cha kuishika nafasi yake. Haijapatikana gesi moja iliyo salama, isiyochafua na yenye nguvu zote za SF6 kwa pamoja. Anayekuja kutuuzia hiyo aulizwe maswali.

Lakini hata tukinunua vizuri kuanzia kesho, ile iliyokwisha kufungwa iko pale pale, na hapo ndipo moyo wangu unapouma.

Katika kituo kimoja cha Pwani, ambacho sitakitaja, kulikuwa na breka ya nje iliyoliwa na chumvi. Ubavuni ina geji yenye rangi tatu: kijani, manjano na nyekundu. Sindano ikifika manjano kengele inalia chumba cha usimamizi. Ikifika nyekundu breka inajifunga, haifunguki tena, kwa sababu gesi iliyobaki haitoshi kuua cheche. Chini ya geji kuna flanji, na pale chuma na alumini vinapokutana, unga mweupe wa kutu ulikuwa umeota ukaisukuma raba ya kuzibia ikapinda. Ukipaka povu la sabuni, viputo vinapanda kimoja kimoja, polepole, kwa saa nzima. Kila sindano iliposhuka manjano mtungi uliletwa, mpira ukaunganishwa, sindano ikarudi kijani, na katika daftari likaandikwa "gesi imeongezwa". Ni kilo ngapi, hakuna aliyeandika. Raba mpya haikuja mpaka breka ilipotolewa kazini, na siku ya kuitoa, vali ilifunguliwa gesi yote ikaachwa itoke.

Alikuwepo mzee mmoja, msimamizi wetu, Mungu amrehemu, aliyekataza mtu asishuke katika mfereji wa nyaya siku ile. Tulidhani ni ukali wake tu. Gesi hii kwa uzito wake hutulia chini na kuisukuma hewa juu. Aliyeko mfereji hukosa pumzi bila kunusa chochote. Na tangi lilipofunguliwa ndani mlikuwa na unga wa kijivu na harufu ya mayai viza. Huo ndio masalio ya cheche: SF6 safi haidhuru, ila cheche ikiivunja huzaa sumu zinazounguza macho na mapafu. Alitutaka tuvae glavu na barakoa, unga ule ukakusanywa mfukoni ukafungwa. Sitamsahau kwa hilo.

Kuna kanuni ya kimataifa ya kazi hii, IEC 62271-4. Gesi hunyonywa kwa mtambo maalumu wenye kompresa na pampu, mtungi hupimwa kwenye mizani kabla na baada, na gesi chafu hupelekwa kusafishwa. Breka nzima haitakiwi kuvuja zaidi ya nusu ya asilimia moja kwa mwaka. Kujazajaza kila msimu si matengenezo.

Ninachotaka, Mhariri, ni hiki. Kenya Power, wasambazaji wa umeme, na Ketraco, wenye laini kubwa za kuusafirisha, waandike ndani ya zabuni za Pwani kwamba swichi mpya za kilovolti 11 na 33 ziwe za vakyumu na hewa kavu, zilizofungwa dhidi ya chumvi, na kwamba bei ipigwe kwa maisha yote ya mtambo pamoja na gesi yake na kuiondoa, isiwe bei ya siku ya kupakua bandarini. NEMA, mamlaka ya mazingira, na EPRA, mamlaka ya nishati, wadai daftari la uzito: kila mtungi unaoingia, kila kilo inayojazwa, kila kilo inayonyonywa. Na vyuo vyetu vya ufundi vipate angalau mtambo mmoja wa kunyonyea gesi, kijana aushike kwa mikono yake kabla hajaenda kazini, kwa sababu atakuja kuzikuta breka za zamani miaka mingi baada yetu.

Watu wa Lamu si wageni wa kusoma karatasi kama hizi. Walipoletewa mradi wa makaa ya mawe waliisoma ripoti ya mazingira ukurasa kwa ukurasa, na Juni 26, 2019 Baraza la Mazingira la Kitaifa, lile la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal), likaifuta leseni yake. Malindi nao wana umeme wa jua pale Langobaya, na umeme huo hauna budi kupita katika breka kabla haujafika nyumbani kwa mtu.

Madiwani wataniambia umeme ni wa serikali kuu. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti usambazaji wa umeme na gesi pamoja na udhibiti wa nishati, wakalitazame. Kisha kamati ya nishati ya Bunge la Kaunti ya Lamu iandike barua fupi yenye maswali mawili: ni kilo ngapi za SF6 zilizomo ndani ya mipaka ya kaunti yetu leo, na ni nani anayelishika daftari lake? Majibu yakija, nitafurahi kuyaona yamechapishwa katika gazeti hili.

Fundi mstaafu wa umeme,
Langoni, Lamu